Tausi la Mwisho

Kiwandani walimwita Bawaba, kwa kuwa tangu ujana wake kazi yake ilikuwa moja: kufunga milango ya gari aina ya Tausi. Upande wa pili wa ukuta, mdogo wake alikuwa msimamizi wa Kipanga, gari jingine la kampuni hiyohiyo. Miaka yote walitaniana, kila mmoja akivutia kwake.

Utani uliisha siku meneja alipowakusanya akatangaza kwamba Tausi halitatengenezwa tena.

"Lina ubaya gani, bosi?" Bawaba aliuliza.

"Halina ubaya, mzee wangu. Lakini injini yake ndiyo hiyohiyo ya Kipanga. Anayenunua Tausi ni yuleyule ambaye angenunua Kipanga. Tunajinyang'anya wateja sisi wenyewe. Na vijana wanasema Tausi ni gari la babu zao."

"Na sisi babu je?"



Jioni mdogo wake alifika nyumbani kwa Bawaba, akasimama mlangoni. "Kaka, nimekuombea nafasi kwangu. Ila..."

"Ila wewe ndiye utakayeniamrisha."

"Kazini tu, kaka."

 Bawaba ndiye aliyembeba mdogo wake huyu mgongoni, alipokuwa hajaota meno. Mkewe ndiye aliyejibu kutoka jikoni: "Heshima haichemki sufuriani, baba watoto."

Tausi la mwisho lilipotoka, Bawaba aliufunga mlango wake taratibu, kama mtu anayemfumba marehemu macho. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alifuta kioo kilichokuwa safi tayari.

Jumatatu akahamia upande wa Kipanga. Mdogo wake alimwamkia mbele ya wote: "Shikamoo, kaka." Kisha kazi ikaanza. Mlango wa kwanza ulikaa upande; mikono yake ilikuwa bado na mazoea ya Tausi. Mdogo wake aliutazama.

"Urudiwe," alisema.

Karakana nzima iligeuka kutazama. Bawaba alihisi masikio yakiwaka moto. Akashika spana, akaufungua, akaufunga upya, safari hii ukaingia sawasawa.

Wakati wa chakula mdogo wake alikaa peke yake, hajagusa kitu. Bawaba akasogea, akaketi kando yake.

"Ungeuacha mlango vile," alimwambia, "ningekudharau. Kula, bwana, chakula kinapoa."