Kiti cha Walter

Mke wangu ni mpelelezi. Hakuna aliyemwajiri, hana kitambulisho, na polisi wa mtaa wetu hapa Chicago wakimwona anakuja huvuka barabara. Kazi inayompa mkate ni kukodisha viatu kwenye ukumbi wa bowling, mchezo wa kuangusha pini kwa matufe, anakoshinda nyuma ya kaunta akipulizia dawa viatu vilivyovaliwa na kila mtu mjini. Anaitwa Loretta Gadson, sisi tunamwita Retta, na akishaamua jambo, heri ubishane na ukuta.

Ndiye aliyegundua Mtoto Yesu wa kitambaa wa pango la Krismasi kanisani alikuwa akipotelea wapi kila Desemba. Hakuibwa. Padri alikuwa anamfua pamoja na vitambaa vya altare, halafu anamsahau ndani ya mashine ya kukaushia nguo. Tatizo ni kwamba kabla ya kufika kwa padri, Retta alimtuhumu mwenyekiti wa kwaya, tena mbele ya kwaya nzima. Mpaka leo tukienda misa wanaimba huku wametukazia macho. Mimi ndiye ninayeoka keki za kuomba radhi. Naitwa Maribel, na nimeoka nyingi.

Sasa, Jumapili moja ya Januari theluji ilianguka mpaka magari yakawa vichuguu. Kwetu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: ukivunja mgongo kuchimbua nafasi ya gari lako, unaweka kiti pale, na hapo ni pako mpaka theluji iyeyuke. Wengine huweka meza ya kupigia pasi, wengine Baba Krismasi wa plastiki asiye na kichwa. Mradi kiwe kitu kibovu. Asiyeheshimu kiti atayakuta matairi yake yametobolewa.

Retta alichukua beleshi akaenda kumchimbulia Mzee Emil wa ghorofa ya chini nafasi ya gari mbele ya nyumba. Walter wake alifariki Oktoba. Wawili hao walikuwa wakiishi pale tangu kabla hatujahamia, na mtaa mzima uliwaita mabinamu, kama sisi tunavyoitwa madada, ingawa Retta ni mweusi na mrefu kama mlango, na mimi ni Mmeksiko nisiyemfika begani. Watu huona wanachotaka.

Alipomaliza kuchimba alizunguka hadi kibaraza cha nyuma, akaona kiti cha mbao kimeachwa nje, akakibeba na kukiweka barabarani. Akaja juu akipepesuka kwa uchovu na kujisifu.

"Mwanamke gani mwingine angefanya hivi?" akaniuliza.

"Mwenye akili angengoja jua," nikamjibu.

Mchana kiti hakikuwepo. Na nafasi ilikuwa vilevile, tupu, hakuna aliyeegesha. Retta alisimama dirishani macho yakimng'aa. Mwizi anayeiba kiti na kuacha nafasi! Alikuwa karibu kupiga vigelegele.

Ndipo Mzee Emil alipogonga mlango. Alikuwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia.

"Samahani, wanangu. Mmeona kiti cha Walter? Nilikitoa kibarazani. Jikoni nilikuwa nikikisemesha, nikajiona nachanganyikiwa. Nilitaka kipumzike huko mpaka nipate nguvu za kukitazama." Akalivuta koti lake shingoni. "Leo asubuhi nimezipata. Nimefungua mlango, hakipo."

Retta akamshika mzee mkono, akamweleza kila kitu bila kujitetea. Emil aliitikia kwa kichwa tu, na huo upole wake ulituumiza kuliko matusi.

"Kitarudi jikoni kwako kabla giza halijaingia," Retta akasema. "Nakuapia."

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa Duane wa pikapu nyekundu, kwa sababu Retta hampendi. Tulimkuta anakwangua barafu kwenye kioo.

"Kiti kiko wapi, Duane?"

"Kiti gani?"

"Usinichezee. Wewe umekuwa ukiitamani nafasi ile tangu asubuhi."

"Wee mama, hebu fikiri," Duane akasema, akicheka. "Ningekuwa na nia mbaya ningechukua nafasi. Kiti nikifanyie nini, nikichumbie?"

Ilikuwa hoja nzuri, na Retta aliimeza kwa shida. Akarudi kwenye nafasi ile, akainama. Siku nzima anashughulika na nyayo za watu, lakini hapa hata mimi niliona: alama fupi zisizo na kisigino, za viatu vya kuvalia ndani, zikivuka barabara. Pembeni yake matundu manne ya miguu ya kiti. Kila baada ya hatua chache, matundu manne tena. Katikati ya barabara yalikuwa yamezama zaidi, na mbele yake nyayo mbili zimetulia sambamba.

"Amekikalia," Retta akanong'ona. "Mwizi amechoka, akakaa."

Nyayo ziliishia kwenye ngazi za Bi Halina Sobczak.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bi Halina amepita themanini, haongei na mtu, na akilazimika kunisalimia huuliza, "Dada yako mrefu hajambo?" Nilimwambia Retta kwamba safari hii sioki keki. Hakunisikia. Alikuwa ameshagonga.

Mlango ulifunguka kidogo. "Sinunui kitu," Bi Halina akasema, akafunga.

Retta akanituma nilete supu ya kuku. Mlango ukafunguka, mkono ukatoka, ukachukua bakuli, mlango ukafungwa. Tukabaki tumetazamana.

"Basi twende," nikamwambia. "Mama wa watu kala, tumeshindwa."

"Jua halijazama," akasema, akaketi kwenye ngazi, juu ya barafu, bila kofia. Nilimsihi, nikamtukana kwa Kihispania, nikaketi pembeni yake. Upepo wa ziwani ulitukata masikio. Sikumpenda hata kidogo dakika zile, nami nilimwambia hivyo.

Hatimaye mlango ukafunguliwa kwa kishindo. "Mnataka kunifia mlangoni, watu waseme mimi ndiye niliyewaua? Ingieni, wajinga nyie!"

Kiti kilikuwa jikoni, karibu na bomba la joto, kimetandikiwa taulo chini. Miguu yake ilikuwa imefutwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na kitambaa kilichotumika bado kilinuka siki. Bakuli letu lilikuwa tupu.

"Nilijua!" Retta akaanza. "Bi Halina, kwa nini umeiba..."

"Nimeiba? Mimi?" Kibibi kilipiga mguu sakafuni. "Dirisha langu linatazamana na jiko lao. Tangu nimefiwa na Kazimierz wangu nakula peke yangu nikiwaangalia wale wawili. Walter huyu hapa kwenye kiti hiki, Emil mbele yake. Kila jioni. Leo nachungulia, naona kiti cha Walter barabarani kinalinda nafasi ya gari, kama ndoo mbovu! Nani kafanya hivyo? Emil ana wazimu? Mtu hamtoi mumewe nje kwenye theluji!"

"Umesemaje?" Retta akauliza taratibu.

"Nimesema mumewe. Mnadhani mimi kipofu?" Akanigeukia mimi. "Na wewe, mkeo anatembea bila kofia na wewe unamwangalia tu. Ovyo."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo, mkeo, mtaa ule kwa muda mrefu, na lilipokuja lilikuja likiwa tusi.

Retta alimwambia ukweli wote kuhusu kibaraza na ujinga wake. Bi Halina alimsikiliza, akamchapa begani kwa kile kitambaa cha siki, kisha akanyanyua kiti mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa. Katikati ya barabara alikiweka chini, akaketi kupumzika, na pikapu nyekundu ikasimama ikingoja. Duane hakupiga honi. Wala nafasi hakuichukua, ingawa gari la Walter limekaa gereji ya kukodi tangu Oktoba bila dereva, na Emil hajui hata kuliwasha.

Emil alifungua mlango. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa.

"Nimekuletea mume wako," Bi Halina akamwambia. "Usimwache nje tena."

Mzee alikipokea, akakiweka mahali pake mbele ya meza, akakisogeza kidogo kulia, kisha akakirudisha. Jiko lile lina viti viwili tu. Akamtazama mgeni wake, anayehema kwa kuvuka barabara, akamwonyesha kile kiti kwa mkono.

"Karibu ukae, Halina. Umechoka."

Bi Halina alikitazama, akatikisa kichwa.

"Hicho kina mwenyewe," akasema, akamgeukia mke wangu. "Wewe mpelelezi, nenda kaniletee changu kule kwangu. Na uvae kofia."