Kufuli la Mlango wa Bluu

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo sioni haya kulisema. Niliingia mjini na ndala, mguu mmoja kijani, mwingine mwekundu. Nikauza soksi kwa kutembeza mkononi Kariakoo, kisha nikapata meza, kisha kibanda, na leo nina duka la taa za sola lenye stoo juu na chini. Wenye digrii zao wanakuja kuniuliza taa ipi inadumu. Nawajibu, na wao wanaandika. Kwa hiyo mtu asidhani naandika haya kwa unyonge. Naandika kwa sababu kuna maneno niliyatamka dukani kwangu mchana kweupe, na mpaka leo yakinijia nikiwa naoga, mkono unasimama na sabuni kichwani.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, muda anaopita mama wa chai. Huyu mama ni wa kijijini kwetu, Kusini. Mama yangu mzazi ndiye aliyemwomba aniangalie nilipokuja Dar. Ana ndoo nyeupe ya vitumbua na chupa mbili za chai, na wafanyabiashara wote wa mtaa ule anatuita wanangu, hata jirani yangu Mhindi wa duka la masufuria, ambaye ana mvi kumshinda yeye. Siku hiyo alikuwa anamimina chai, na fundi umeme mmoja wa Buguruni, mteja wangu wa siku nyingi, ameegemea kaunta na simu yake.

"Bosi, njoo uone vituko. Kuna nyumba huko Kusini ina majini. Taa inajiwasha yenyewe!"

Nikainama kutazama. Vijana wawili walikuwa wamesimama barabarani wanarekodi kwa mbali, wanaogopa kusogea. Nyasi zimefika madirishani. Kibaraza kimebomoka upande mmoja. Jioni ilikuwa inaingia, na mara, juu ya mlango, taa nyeupe ikawaka. Vijana wakapiga kelele, picha ikatikisika. Mmoja akawa anaeleza huku anahema: mwenye nyumba alikuwa mama mmoja, keshakufa, mwanawe ni tajiri yuko Dar, alimtoa mama yake kafara ili biashara isimame. Ndiyo maana nyumba ile haikai mtu.

Mlango ulikuwa wa bluu. Bluu ile naijua, ni rangi iliyobaki nilipopaka duka langu. Na taa ile naijua zaidi. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikaifunga kwa kipande cha bati nilichokikata kwenye kopo la rangi. Haina jini wala nini. Ikihisi giza inawaka, ikihisi mwanga inazima. Nauza za aina hiyo kila siku. Na niseme ukweli wote: kitu cha kwanza kilichonijia moyoni kilikuwa fahari. Miaka mitatu, mvua na jua, hakuna wa kuifuta vumbi, na bado inawaka! Hiyo ndiyo bidhaa.

Aibu ilikuja ya pili.

Fundi akapiga kaunta kwa kicheko. "Matajiri wa Kariakoo mnatisha! Mama mzazi kabisa? Halafu bosi, si kwenu huko?"

Mhindi wa masufuria alikuwa ameshasogea. Wateja wawili wakageuka. Macho yote kwangu.

"Kusini ni kubwa, bwana," nikasema. "Mimi mtu wa Magomeni." Na kwa kuwa walikuwa bado wananitazama, nikaongeza, "Nyumba kama hiyo ichomwe moto tu, watu wapumue."

Wakacheka. Mama wa chai alikuwa ameshika chupa juu ya kikombe changu, kikombe kimefika nusu. Akaiinua chupa, akaikaza mfuniko taratibu, akachukua ndoo yake.

"Haya," akasema. "Mtu wa Magomeni."

Yeye alikuwepo kwenye msiba wa mama yangu. Aliona nilivyofanya. Nilikwenda na gari, nikapeleka maturubai, mchele, ng'ombe mzima, nikahakikisha kila mtu amejua ni nani kaleta. Lakini kwetu ukoo unafuata kwa mama. Mwanamke akifariki, nyumba yake inashikwa na wanawake wa tumbo moja naye. Mdogo wake anaingia, anawasha moto jikoni, anafagia uwanja kila asubuhi. Mtoto wa kiume hata ujenge ghorofa, hilo silo neno lako. Mimi nikasema hapana. Tofali nimenunua mimi, bati nimenunua mimi. Siku matanga yalipovunjwa, mama mdogo akaja na ufagio wake na mkeka kichwani. Akanikuta nafunga kufuli kubwa jipya la Kariakoo.

"Mwanangu, mbona unafunga?"

"Nitaleta mtu wa kulinda, mama mdogo."

Sikuleta mtu. Ufunguo nikautia kwenye kitita changu cha funguo, na kwa kuwa ulikuwa na meno makali, nikawa nachania gundi ya maboksi ya mzigo. Miaka mitatu nimechana maboksi kwa ufunguo wa nyumba ya mama yangu.

Tangu siku ile ya simu, mama wa chai hakuniita mwanangu tena. Akija, "Mtu wa Magomeni, sukari ngapi?" Mhindi akadhani ni utani mtamu, naye akaudaka: "Mtu wa Magomeni, umepata mzigo mpya?" Mtaa mzima ukaniita hivyo. Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikamsubiri mama wa chai pale anapooshea vikombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mtu wa Magomeni."

"Umesema unakwenda nyumbani mwisho wa mwezi. Naomba umpelekee mama mdogo ufunguo."

Hata hakuutazama. "Kufuli ulifunga wewe mbele ya watu. Mimi nikafungue kwa siri? Upeleke mwenyewe. Na hao uliowachekesha, nao uwaambie."

Nikaenda. Mama mdogo nilimkuta anachambua mbaazi nje kwake, nyumba ya tatu kutoka ile. Nilipiga magoti kumwamkia, na suruali yangu ya pesa nyingi. Nikampa ufunguo kwa mikono miwili. Akaugeuza, akaujaribu kwa kidole, akaufuta kwenye kanga yake. Haukutakata.

"Mbona unanata?"

Ningeweza kudanganya. "Gundi, mama mdogo. Nachania maboksi."

Akauangalia kidogo, akainuka, akaingia ndani, akatoka na ufagio. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, tukalimwagia mafuta ya taa. Mlango ulipofunguka nikataka kuingia.

"Wewe subiri nje," akasema.

Nikasubiri kwenye nyasi zangu, nasikia anafungua madirisha, anakohoa vumbi, anaongea na marehemu dada yake polepole kwa kilugha. Alipotoka akanyoosha ufagio juu ya mlango.

"Na hiyo taa yako inazimwaje?"

"Haina swichi."

"Najua haina. Marehemu alikuwa anaitundikia kanga jioni ndipo apate usingizi. Alisema usimwambie mwanangu, kaleta kwa moyo."

Nikaomba ngazi kwa jirani. Nikaiteremsha ile taa, na kile kipande cha bati.

Niliporudi nilimwambia fundi, palepale kwenye kaunta, Mhindi akisikia. "Ile nyumba ya majini ni ya mama yangu. Taa niliiweka mimi, na kufuli nililifunga mimi." Fundi akacheka kwanza. Kisha akaona sicheki. Akakiweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa, akasema kuna kitu kasahau Buguruni. Siku hizi ananunua taa duka la mbele, anapita upande wa pili wa barabara. Najua anachokifikiria kuhusu utajiri wangu, na sina la kumfuata nalo, maana moto niliutaja mimi, si yeye.

Mama wa chai sasa ananijazia kikombe. Lakini jina hajalirudisha. Kila saa nne anafika, anatua ndoo, ananiita kwa sauti wateja wote wasikie: "Mtu wa Magomeni!"

Naitika.