Sentensi Ambayo Kundi Lilishindwa Nayo

Mke wangu Nkirote alikuwa mtafsiri. Alifanyia kazi hapa Kianjai, kwa meza ya jikoni, na kompyuta aliyoletewa na binti yetu Gatwiri. Haya nayasema mimi, Gatwiri anaandika. Mimi sikusoma.

Walikuwa na kundi lao kwa mtandao, watafsiri wa kila mahali. Mmoja akikwama anauliza, wenzake wanajibu. Sheria ni moja: ukijibu, useme jibu umelitoa wapi. Nkirote akiulizwa jambo la Kimeru, la mifugo au la ugonjwa, aliniita kutoka shambani.

"Kamusi yangu, kuja hapa."

"Kamusi gani haijui kusoma?"

"Hii ya matope kwa viatu. Panguza kwanza."

Nikishasema, aliandika, na chini akaweka: mume wangu, mkulima, Kianjai. Miaka tisa hivyo.

Tulimzika mwezi wa tatu. Juzijuzi simu yake ikalia. Alikuwa Maxine, wa kundi lao, anayekaa Meru mjini.

"Pole tena, mzee. Natafsiri kwa Kimeru karatasi ya wagonjwa wa saratani. Kuna sentensi imetushinda sisi wote. Ya kumwambia mgonjwa matibabu hayatasaidia tena. Tukiiweka vibaya, atasikia amefukuzwa."

"Sijui," nikasema. Nikakata.

Nilikuwa najua.

Siku ile hospitalini daktari alimwambia Nkirote kwa Kiingereza, maneno mengi. Mimi niliangalia midomo tu. Alipomaliza, Nkirote alikaza kitambaa chake cha kichwa, akanigeukia, akaniambia kwa Kimeru: "Baba Gatwiri, dawa imefanya kazi yake, imechoka. Kutoka leo nitatunzwa na mikono ya nyumbani."

Nilibeba mkoba wake tukaondoka.

Maneno hayo sikuwa nimempa mtu. Ndiyo ya mwisho aliyonitafsiria, na nilitaka yabaki yangu. Lakini siku mbili nikipalilia nilimfikiria mtu mwingine kwa kile kiti cha hospitali, na mume wake ambaye hajui kitu.

Gatwiri alipokuja Jumamosi nikamwambia aandikie Maxine. Nikasema maneno yale, polepole, kwa Kimeru. Vidole vyake vikasimama.

"Baba, hukuwahi kuniambia."

"Andika."

Akaandika. Halafu akauliza, "Wanataka kujua jibu limetoka wapi. Niweke wewe, kama kawaida?"

"Hapana. Weka: mke wangu, mtafsiri, Kianjai."