Saa Ambayo Mama Hakuiamsha

Je, mama aliisahau saa ile, au alikataa kuiamsha? Swali hilo limenishinda mpaka leo.

Nikinusa udi hurejea sebuleni kwetu Mkunazini, asubuhi aliyofariki baba, nami nikiwa mtoto wa darasa la pili. Maiti ilikuwa bado chumbani mama alipopanda kigoda, akafungua kioo cha saa ya ukutani na kukishika kile kirungu kinachobembea ndani mpaka kikatulia. Mlio tuliouzoea kama pumzi zetu ukakatika. Jirani yetu, Bi Kidawa, aliyekuwa ameshika chetezo, alimnong'oneza shangazi: "Wifi yako anafunga nini pale?"

"Mwulize mwenyewe."

Hakumwuliza. Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja: kabla ya hitima mtaa ulikwisha kuamini kwamba mama ameifunga roho ya mumewe ndani ya saa. Mama akiwa kizuka, amekaa eda, wanawake waliokuja kumliwaza waling'ang'ania mkeka wa karibu na mlango, wakigusisha tu midomo kwenye vikombe vya kahawa. Wenzangu waliacha kuja kucheza kwetu. Hata mimi nilipita mbele ya saa ile nikiwa nimebana pumzi.

Shangazi ndiye aliyemkabili. "Itie ufunguo, wifi. Watu washaanza kukuogopa."

"Nilipokuwa yaya kwa Waingereza kule Mbweni, bibi mwenye nyumba alifiwa na mumewe, akasimamisha saa. Nkamwuliza, akanambia ni heshima kwa maiti."

"Heshima ya kikafiri hiyo."

"Basi na hayo majani ya chai unayokunywa kila alasiri, yaulize dini yake."

Nilipofika chuo kikuu nilisoma juu ya desturi za Waingereza wa zamani, nikakuta ile nusu ambayo mama hakuitaja: wakisharudi makaburini, saa huitia ufunguo tena. Naye alikuwamo katika nyumba ile mpaka msiba ukaisha. Lazima aliisikia ikilia upya. Nilimwuliza. Alinitazama, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Juzi tumemzika mama. Mtaa umegeuka, nyumba za majirani zimekuwa hoteli, na wageni huchungulia dirishani kuipiga picha saa yetu kana kwamba ni pambo. Shaka peke yake haikuhama. Jana jioni shangazi, sasa akitembelea mkongojo, alinivuta kando. "Mwanangu, iondoshe kabla watu hawajaja kusoma hitima. Bi Kidawa bado anaitazama vilevile. Usimwache mama yako alale na jina lile."

Nilimjibu kwamba saa haitoki ukutani. Kuificha kungekuwa kukiri kwamba palikuwa na la kufichwa.

Leo asubuhi, Bi Kidawa akiwa amekaa palepale karibu na mlango, nilipanda kigoda mbele ya watu wote, nikaitia saa ufunguo, nikakisukuma kirungu kwa kidole.