Koti la Twaha

Daktari Raheli hajawahi kuwa askari, wala hana cheo begani. Ila kila polisi wanapopata kifo kisichoeleweka katika vijiji vya milima hii, maiti huletwa kwake, naye ndiye anayepasua na kuandika kilichoua. Ndiyo maana watu humwita daktari wa polisi. Wauza mboga sokoni humchagulia karoti nzuri kuliko za wenzake, lakini wakati wa kumpa humwachia kwenye kapu, mkono usiguse mkono.

Ana miaka hamsini na mbili. Ni mzaliwa wa Magamba, binti wa mtu aliyepanda misonobari ya serikali mpaka akastaafu. Asubuhi hutibu wagonjwa kama madaktari wengine, na Jumapili huimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri. Kabla ya kumpasua maiti yeyote humshika bega, akamwambia "pole", kisha akangoja kidogo. Mzee Kristian, anayetunza chumba cha maiti, alishamzoea.

"Siku mmoja wao akikuitikia," humwambia, "mimi msinitafute. Nitakuwa nimeshafika Mombo, kule chini ya mlima."

Julai mwaka jana waliletewa Twaha, mkulima wa viazi na kabichi kutoka Mlola. Alikuwa ametoka shambani jioni, akala makande, na kabla ya usiku kuingia sana alikuwa anatokwa na povu na kuhema kwa shida. Hakufika hospitali akiwa hai. Ndugu zake walikwisha kumvua nguo ili aoshwe ndipo polisi wakawazuia, kwa hiyo alikuja amefungwa shuka jeupe. Nje ya chumba cha maiti walisimama wanaume kumi na watano, wametulia, wakitazama saa. Walitaka wamzike kabla ya alasiri.

Raheli alifanya haraka. Mboni za macho ya Twaha zilikuwa zimesinyaa kama kichwa cha pini, na mapafu yamejaa maji. Hiyo ni sumu ya wadudu, ile ile wanayopiga kwenye kabichi. Alichukua vipande vya kupeleka kwa mkemia, ambaye majibu yake huchukua miezi, kisha akaandika taarifa: sumu ya kuulia wadudu, yaelekea iliingia kwa chakula.

Alilifunga jalada, lakini jambo moja lilibaki linamkera. Makande yale tumboni hayakunuka dawa.

Kwa polisi neno "chakula" lilitosha. Mke wa Twaha, Zuhura, ndiye aliyepika, na majirani walisema wiki ile walikuwa wamegombana kwa sababu Twaha alitaka kuoa mke wa pili. Jioni hiyo Zuhura alimpakulia mumewe peke yake, yeye akasusa kula. Kufika Alhamisi alikuwa mahabusu. Jumanne angepelekwa mahakamani kwa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Watu hukaa rumande miaka wakingoja kesi ianze.

Jumatatu asubuhi mdogo wa marehemu, Hashimu, aligonga mlango wa Raheli akiwa na mfuko wa peasi. Ndiye aliyekwenda kwanza polisi kumtaja shemeji yake.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kukushukuru tu. Wengine walisema ni mapepo, wengine presha. Wewe umeandika ukweli."

Raheli hakupenda kushukuriwa kwa jambo lile. Aliutazama mfuko wa peasi, kisha akamtazama aliyeuleta. Nje kulikuwa na ukungu, na wagonjwa barazani walikuwa wamejifunika mablanketi, lakini Hashimu alikuwa anatiririka jasho. Kila baada ya maneno mawili alifuta mate kwa leso.

"Geukia dirishani nikuone macho," alisema Raheli.

"Macho yangu mazima. Ni mafua."

"Geuka, mwanangu."

Mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini.

"Jana umekula nini? Na nani alipika?"

Hashimu aliketi sasa, bila kuambiwa tena. "Kapika mke wangu. Ugali na mboga, tumekula wote na watoto. Kwa nini unaniuliza hivyo? Yule si yuko ndani?"

"Yuko ndani. Umepiga dawa shambani?"

"Wiki nzima tuko msibani. Nani apige dawa?"

Raheli alimtazama tangu kichwani, akateremka. Kofia, shati, koti zito la rangi ya kahawia, refu kidogo mikononi.

"Hilo koti ni lako?"

"La kaka. Tumegawa nguo zake Jumamosi, baada ya hitma. Hili nikapewa mimi."

"Livue."

"Daktari, baridi hii?"

"Livue, na shati. Upesi, kabla sijaita watu wakuvue."

Muuguzi alimwosha kwa maji na sabuni, Raheli akamchoma sindano ya atropini ya kuzima sumu, na baada ya nusu saa mate yalikauka. Koti lilikuwa mezani juu ya plastiki. Raheli alivaa glovu akageuza bitana. Chini ya mfuko wa ndani, upande wa kushoto, palikuwa na doa pana kama sahani, bado lina utelezi. Alipoinama alipata ile harufu ambayo wiki iliyopita aliitafuta tumboni akaikosa.

"Humu mlikuta nini?"

"Kichupa cha dawa," Hashimu alisema kutoka kitandani. "Dukani wanatupimia kwenye vichupa vya maji. Kizibo kilikuwa kimelegea. Nilikitupa chooni. Kaka dawa yake huiweka mfukoni siku zote. Na koti havui. Analima nalo, anapiga dawa nalo. Sisi wote baridi hii tunafanya hivyo."

Dawa isiyochanganywa na maji ilikuwa imemvujia Twaha kifuani siku nzima na kupenya ngozi, na yeye akiinama na kuinuka kwenye matuta. Raheli angeliona doa lile siku ya kwanza kama angeuliza swali moja: nguo zake ziko wapi?

Mchana ule ule alikwenda kituoni na koti ndani ya mfuko uliofungwa. Sajenti Abrahamu, mpelelezi wa kesi, alisoma taarifa ya pili amesimama.

"Hapa umeandika 'nilikosea'."

"Ndiyo."

"Daktari, andika 'baada ya uchunguzi zaidi'. Wenzako huandika hivyo. Kesho na keshokutwa wakili atakusomea hili mahakamani kwenye kesi nyingine."

"Acha anisomee. Yule mama ataondoka lini?"

Zuhura aliachiwa kesho yake. Alipotoka alimkuta Raheli kwenye benchi la mapokezi. Alisimama mbele yake, mtandio umekunjamana.

"Ni wewe uliyeandika kwamba ni chakula?"

"Ni mimi. Nisamehe."

Zuhura alipita bila kumwamkia. Mtu mdogo kumpita mkubwa bila shikamoo ni jambo ambalo huku halipiti kimya, na askari wa mapokezi alifungua mdomo amkaripie. Raheli alimtikisia kichwa amwache.

Septemba Zuhura alikuja hospitali na mtoto wake wa mwisho, anakohoa. Vyumba viwili vilikuwa vinaona wagonjwa, na foleni ya Raheli ndiyo ndefu. Akakaa kwenye hiyo. Zamu yake ilipofika aliingia, akampakata mtoto.

"Shikamoo," alisema, akitazama sakafu.

"Marahaba."

Raheli alimfunua mtoto shati, akapasha moto kiganjani kipimo cha kusikilizia kifua ili kisimshtue.

"Mimi ndiye niliyemwambia baba yao," Zuhura alisema. "Dawa usiiache chini, watoto wataishika. Kaa nayo mwilini."

Raheli alishusha kipimo.

"Na hawakuishika?"

"Hawakuishika hata siku moja."

"Basi," Raheli alisema, akaweka kipimo kifuani kwa mtoto na kuanza kusikiliza.