Ng'ombe wa Dabare Katika Boma la Mjane

Kosa ninalotaka kulisema ni la mtu aliyeshiba kuingia katika foleni ya wenye njaa, kisha kunyamaza humo humo wakati mwenye njaa anaitwa mwongo. Wiki hii nimelisikia likitetewa hapa mjini Isiolo, redioni na kwenye hoteli za chai, tena na watu waliosoma. Nimekasirika, mwanangu, kwa hiyo usitarajie upole.

Ninaikumbuka asubuhi moja kule kijijini Biliqo, nilipokuwa kijana niliyetoka shule juzi tu. Afisa mmoja alikuja kuandikisha watu wa kupokea posho ya serikali, ile ya kila mwezi kwa wasio na kitu. Alikuwa mtu wa Meru, hakujua Kiborana, nami nikawa mkalimani wake. Alikuja pia na mpango wa pili: mikopo ya kununua na kunenepesha mifugo. Serikali iliwadhamini wakopaji kwa benki, nao wakaweka wanyama wao rehani. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Alipita kila boma alfajiri, kabla mifugo haijatoka kwenda malishoni, akatazama kilichosimama ndani ya ua wa miiba. Asiyekuwa na mifugo ya maana alielekezwa kwenye posho, na aliyekuwa nayo alielekezwa kwenye mkopo.

Huenda wewe umekulia mjini na hujui dabare. Kwetu, mwenye ng'ombe wengi humpa jirani mwenye shida ng'ombe wa maziwa akae naye. Maziwa ni ya aliyepewa, lakini ng'ombe na ndama wake hubaki mali ya mwenyewe. Na aliyepewa hasimami mbele ya watu kutangaza kwamba hawa si wangu, ni wa fulani. Hiyo ni kumvunjia heshima aliyekusitiri, naye anaweza kuja kesho kuwachukua.

Shangazi yangu Halima alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Ng'ombe wote wa boma lake walikuwa wa dabare, mali ya Mzee Boru, na ukame ulikuwa umepunguza maziwa hadi yakawa ya kulowesha midomo ya watoto tu. Aliitaka posho ili anunue unga. Boru naye, tajiri tuliyemjua sote, mifugo yake mingine ilikuwa katika kambi ya malisho ya mbali, pamoja na wanawe. Bomani kwake afisa aliona mbuzi wachache waliokonda. Basi majina yalipotangazwa barazani, Boru alikuwa maskini na Halima alikuwa tajiri.

Halima akasimama. Alisema tu kwamba watoto wake hawana chakula.

"Mama, hiyo ng'ombe yote nimeona kwako," afisa akasema. "Hii pesa ni ya maskini. Wewe chukua mkopo. Weka kidole hapa, ama utoke kwa laini, mimi bado naenda Merti."

"Tajiri anaomba unga!" kijana mmoja akapaza sauti, na wanaume wakacheka.

Fikiria alivyobanwa. Akiweka kidole kwenye fomu ya mkopo, ameiwekea benki rehani mali ya mtu mwingine. Akikataa, watoto wanalala njaa. Akisema ukweli, huenda akapoteza hata hayo maziwa kidogo. Nilifungua kinywa nimwambie afisa, naye Halima akaniwahi kwa Kiborana: "Nyamaza, mtoto wa kaka yangu. Wewe utarudi mjini, mimi nitabaki hapa." Boru alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa akichora mchangani kwa fimbo yake, na hakuinua uso.

Hapo mama yake Boru, bibi kizee aliyekuwa ameketi na wanawake, akainuka.

"Boru, ng'ombe walio kwa Halima ni wa nani?"

Boru akaendelea kuchora mchangani.

"Nakuuliza mbele ya watu kwa sababu umekula haki yake mbele ya watu."

"Mama, unaniaibisha."

"Aibu umekuja nayo wewe. Mimi nimeiita kwa jina lake." Akamgeukia afisa, nami nikatafsiri neno kwa neno. "Kijana, mfute huyu. Nilimzaa mimi, nalijua tumbo lake, limejaa. Huyu mama unayemwita tajiri hana hata mkia wa ng'ombe. Amenyamaza kwa adabu, na mwanangu amejificha nyuma ya adabu hiyo."

Wanawake wakacheka kwa sauti, lakini yeye hakucheka. Alimrudia mwanawe: "Na wale ng'ombe wabaki walipo. Ukimwondoa hata mmoja kwa hasira, mimi nahamia kwa Halima, halafu uwaeleze wageni wako kwa nini mama yako analala nyumba ya jirani."

Afisa akalifuta jina la Boru kwenye posho na kuandika la Halima pale pale. Ng'ombe hawakuondolewa.

Kinachonichoma hadi leo ni kwamba Boru hakuwa mchoyo. Alikuwa amewalisha watoto wa Halima kwa kweli, kisha akaugeuza wema wake mwenyewe kuwa maficho. Nawaona wenzake kila siku. Bwana mwenye maduka ya kupangisha amechukua mkopo uliodhaminiwa kwa kodi ambayo muuza mkaa wa Ngaremara huilipa serikali, hakuulipa, akasamehewa, na msamaha huo anauita maendeleo. Bwana huyo huyo akisikia mjane wa Oldonyiro amepokea posho, anasema serikali inalea uvivu. Kati ya hayo mawili, ni lipi hasa la kulea uvivu, mwanangu? Nani ameshikwa mkono zaidi?

Sisemi pesa ya umma igawanywe bila kuuliza. Afisa yule alikuwa na haki ya kuuliza, ila aliuliza macho yake peke yake. Mwanangu, ukiwekwa kwenye kamati ya kuchagua wa kusaidiwa, usihesabu kilichosimama bomani kabla hujajua ni cha nani. Usimlazimishe mtu kuutangaza umaskini wake juani. Ukipata mkopo ambao sisi sote tumekudhamini, ulipe, na siku unapoulipa usimtukane anayepokea posho. Na jina lako likisomwa mahali lisipostahili, simama ulitoe mwenyewe, usingoje mama yako aje kulitoa.

Mola akupe riziki usiyohitaji kuificha. Akupe majirani wasiokuonea haya kukwambia ukweli, na nyumbani kwako asikose mwanamke mwenye moyo kama wa yule aliyesimama siku ile Biliqo, mama yake Boru, ambaye jina lake lilikuwa Diramu.