Nyundo ya Donatus

Mwahija alikuwa na maneno machache sokoni na mengi nyumbani, na mwaka ule wa 1981 hasira yake yote ilielekea juu, kwenye paa. Nyumba ilikuwa ya kiwanda cha pamba, Shinyanga, na alilala humo na mjukuu wake Limi. Paa lilikuwa la asbesto, dari hakuna, na limeshaanza kuchakaa.

Kila kiangazi alikuja Donatus, mkaguzi wa nyumba. Mkaguzi gani, jamani? Alikuwa mlinzi wa ghala, akapewa cheo kwa kuwa ana ngazi yake mwenyewe. Kufundishwa, hakufundishwa hata neno. Mama yake aliuza mitungi, na Donatus alikua akiwaona wanunuzi wanaigonga wasikie kama ina ufa. Basi naye akawa anapanda ngazi humo ndani na kuligonga paa kwa nyundo kama anachagua mtungi. Likilia vizuri, ni zima. Likilia vibaya, anagonga tena ahakikishe, na vumbi jeupe linamwagikia kitanda cha Limi. Mwahija alikuwa anakung'uta shuka, anashukuru, kisha anampa uji wa sukari, na sukari yenyewe ya kupangia foleni. Uji huo ndio uliokuja kumuuma kuliko yote.

Maana alipita fundi bomba kutoka Mwanza kufunga mfereji wa maji ya mvua, akafunga kitambaa puani na kulimwagia paa maji kabla ya kuligusa. Mwahija akamuuliza kulikoni.

"Mama, vumbi hili likiingia kifuani halitoki," fundi alisema. "Usikubali mtu aligonge."

Donatus aliporudi alimkuta Mwahija mlangoni, kashika mchi wa kutwangia.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kukagua."

"Marahaba. Leo huingii. Nani alikufundisha kazi hii?"

Donatus akatazama chini. "Nilipewa nyundo tu, Mama."

Akaenda kumwita Bwana Stanslaus, afisa nyumba, ndiye aliyempa kazi. Huyo akaja tumbo mbele, akasema mpangaji mkaidi dawa yake ni kutolewa vyombo nje. Mwahija hakuwa na kwingine pa kumpeleka Limi. Akaulaza mchi chini.

"Tusigombane, baba. Ingia ukae pale kitandani kwa mjukuu wangu. Donatus apande agonge, nawe ushuhudie kwamba hakuna neno."

Bwana Stanslaus akaingia, akakaa ukingoni. Donatus akapanda. Alipoinua nyundo tu, mkubwa wake alishatoka nje, leso puani.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, bwana. Ghadhabu ikampanda Mwahija. Mtu huyu alijua. Alijua tangu siku aliyomkabidhi mwenzake nyundo, na miaka yote amemwacha mtoto wa watu alale chini ya vumbi.

Donatus alikuwa bado juu ya ngazi, nywele nyeupe kwa vumbi la nyumba ya jirani. Akateremka taratibu, akatoka nje, akaiweka nyundo miguuni pa Bwana Stanslaus.

"Kagonge wewe," akasema.